Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Panga Mbili na Karatasi Zake

Ndugu wanachama,

Salaam. Mkutano uliopita niliwaahidi upanga, na leo tunazo panga mbili za Kijapani. Moja ningependa nisiitaje. Hesabu za ukumbi na ada nimemwachia Mhazini.

Mwezi Machi kamati, nami nikiwa wa kwanza kushabikia, ilinunua wakizashi, yaani upanga mfupi, ya shaku 1 na sun 6 kwa vipimo vya Kijapani, kama sentimita 48, yenye saini ya Kotetsu. Wenye uzoefu wameshaanza kucheka. Kotetsu alikuwa mhunzi wa Edo, Tokyo ya leo, karne ya 17, na jina lake ni kati ya yaliyoghushiwa sana Japani. Tulilijua hilo. Lakini muuzaji alitandaza karatasi mbili, nasi tukasoma karatasi tukasahau chuma.

Ya kwanza ilikuwa nakala ya torokusho, kadi ya usajili inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Kadi hiyo huandika urefu, mpindo, idadi ya matundu ya kigingi na saini kama inavyosomeka. Kama saini ni ya kweli au ya uongo, haisemi. Ya pili ilikuwa cheti cha Tokubetsu Kicho cha NBTHK, chama cha Tokyo cha kuhifadhi panga za Kijapani, kilichoanzishwa 1948. Cheti ni halisi, ila ni cha mfumo ulioachwa 1982, na kwa majina makubwa wakusanyaji hawakitegemei tena. Fundi wa kunoa alipochomoa mpini, alitazama nakago, yaani shina la upanga linaloingia mpinini, akanyamaza. Kutu ndani ya michoro ya saini ilikuwa changa kuliko ya pembeni yake, yaani saini ilichongwa baadaye.

Muuzaji amerudisha nusu ya fedha, baada ya barua nyingi. Baadhi yenu mnataka saini ifutwe ili upanga upelekwe upya kukaguliwa, kwa kuwa NBTHK haitoi cheti kwa saini bandia. Kuifuta inaruhusiwa. Mimi nimepinga: ule ubaki vilevile, kila mwanachama mpya aushike kabla hajafungua pochi.

Wa pili ulikuja Septemba. Ni tanto, aina ya kisu cha Kijapani, chini ya shaku 1, yaani haifiki sentimita 30.3, haina saini, na cheti chake cha Hozon kinaihusisha na wahunzi wa Mino, jimbo la zamani la Japani. Hozon ndiyo ngazi ya chini. Juu yake kuna Tokubetsu Hozon, Juyo, kisha Tokubetsu Juyo. Safari hii tulilinganisha picha ya nakago iliyo kwenye cheti na nakago yenyewe, tundu kwa tundu. Ni tanto ya kawaida. Mimi naipenda.

Kuitoa Japani kulihitaji kibali cha Idara ya Utamaduni, na torokusho ilirudishwa huko huko. Msishtuke isipofika na mzigo. Hapa Uingereza kitu cha kale kilichozidi miaka 100 hutozwa VAT ya 5% badala ya 20%, lakini fomu ya forodha ilisema “upanga” basi, tukatozwa yote. Umri uandikwe kwenye fomu tangu kule.

Kuhusu utunzaji, kuna mwenzetu aliyepaka tanto yake mafuta ya nazi. Simtaji, na mafuta yameshaanza kuganda na kunuka. Mafuta ya kienyeji ya panga huitwa choji, na choji ni karafuu. Siku hizi mengi ni mafuta ya madini yenye tone la karafuu, lakini mara ya kwanza nilipofungua kichupa nilirudi Wete, kwenye majamvi ya bibi yangu. Pakeni kwa wembamba, kwenye makali na ubapa tu. Nakago msiipake wala msiisugue. Kutu yake nyeusi ndiyo umri wake, na ikishapigwa msasa hairudi.

Kamati inaleta azimio moja: fedha za chama zisinunue upanga wowote usio na cheti cha NBTHK cha baada ya 1982, na wanachama wasiopungua wawili wawe wameiona nakago, au picha zake kubwa, kabla ya malipo. Kura itapigwa baada ya chai. Tanto itakuwa mezani. Mkaushe mikono, mvue pete, na msizungumze mkiwa mmeinamia chuma. Mate huacha madoa.