Upimaji wa vitendo Alhamisi

Wakufunzi wenzangu, habari za jioni. Karatasi za tathmini ya vihatarishi nimezisahihisha. Karibu wote wamefaulu, lakini sijaridhika. Mtu anazidisha alama ya uwezekano wa ajali, 4, kwa alama ya ukubwa wa madhara, 5, anapata 20 safi kabisa. Muulize kwa nini 4, kimya.

Kwa hiyo Alhamisi kila mshiriki ataingia karakana, akague mashine moja, aongee na anayeitumia, ndipo ajaze fomu. Msimdokeze! Angalieni hasa hatua anazopendekeza: akikimbilia glavu na miwani kabla ya kufikiria kuiondoa hatari yenyewe au kufunga kinga kwenye mashine, bado hajaiva.

Chini ya meza ya msumeno nimeacha waya uliochubuka makusudi (haujaunganishwa popote, msiogope). Asiyeuona atarudia.