Hija ya Namugongo inapangika bila lori

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba parokia isiyoweza kukodi lori la kufuata mahujaji isithubutu kupeleka watu kwa miguu hadi Namugongo, kwenye madhabahu ya Mashahidi wa Uganda. Alitaja wazee, mvua, mizigo na miguu iliyovimba. Hatari hizo zipo, sitabishana naye. Ninalolipinga ni lori. Miaka mingi nilikuwa makanga wa matatu kati ya Kisumu na Busia, nikiita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja, Bumala mpaka sauti ikanikauka. Sasa ni mzee wa kanisa, na kila Juni inapokaribia mimi ndiye ninayekabidhiwa daftari la kupanga safari ya mahujaji wetu. Naomba nafasi nieleze jinsi hija hii inavyopangika kwa magari ya kawaida ya abiria, haya haya yanayobeba kuku na magunia ya mihogo.

Lori likikodiwa kwa safari nzima, pamoja na mafuta, dereva na makaratasi ya mpakani, gharama hugawanywa kwa vichwa. Mama anayeuza omena sokoni akisikia mgao wake hujitoa kimyakimya, anasingizia goti. Wanaobaki kwenye orodha ni wale ambao tangu mwanzo wangeweza kupanda basi hadi Kampala na kulala hotelini. Isitoshe, gari linalotambaa nyuma ya watu kwenye barabara kuu huzidisha hatari, kwa sababu kila trela litataka kulipita, na litakapolipita halitakuwa na nafasi ila pale wanapotembea watu. Halafu lori likiwepo, watu hupanda. Leo mmoja ana lengelenge, kesho ni watano, na mkifika Iganga nusu ya kundi iko juu inaimba nyimbo za Bikira Maria, nusu nyingine iko chini inakula vumbi.

Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni kilomita 200 hivi. Sikukuu ni Juni 3, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886. Kundi lenye wazee na vijana mchanganyiko litembee kilomita 25 kwa siku, lisizidishe, na kwa hesabu hiyo liwe limevuka mpaka kufikia Mei 25. Sisi wa Bumala na vijiji vya ndani hufika Busia kwa matatu au probox za asubuhi. Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014 kati yetu, Uganda na Rwanda, na siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, kwa hiyo anayeingia Uganda anamaliza mambo yote upande wa Uganda. Beba kadi ya njano ya chanjo. Beba pia barua ya padre wako yenye muhuri, maana ndiyo inayofungua milango ya parokia za njiani usiku. Badilisha fedha kabla ya kuondoka mpakani, na uitishe noti ndogo ndogo. Kondakta wa Uganda hana haja na M-Pesa yako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapangaji wengi hawalifikirii. Ukitoka Busia una barabara mbili, na namna ya kupanga magari inategemea umechagua ipi.

Ya kwanza ni barabara kuu ya Bugiri na Iganga. Hii ndiyo njia ya mizigo ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na hata Juba, na trela hazilali. Uzuri wake ni kwamba magari ya abiria hayakatiki tangu alfajiri mpaka jioni. Mtu akichoka popote, anainua mkono na anapata nafasi. Ubaya wake ni huo huo: magari hayakatiki. Ukiichagua, tembeeni upande wa kulia mkitazamana na magari, kwa mstari mmoja, mkivaa vikoti vya kung'aa kama vya watu wa bodaboda, na msianze kabla ya kupambazuka, hata kama kiongozi wenu wa sala anapenda Rozari ya saa kumi usiku. Dereva wa trela aliyekesha haoni rozari.

Ya pili inateremka kusini kupitia Lumino, inakwenda hadi Mayuge na kutokea Musita kwenye barabara kuu, mkikaribia Jinja. Kutoka Busia hadi Musita ni kilomita 100 hivi, na lami yake ni ya miaka ya karibuni. Mimi ndiyo ninayoipenda. Lumino ni kwa Wasamia, na Msamia wa Funyula akifika huko anaomba maji kwa lugha ya nyumbani kwao. Trela ni chache. Tena ni njia yenye kumbukumbu: huko Kyando, katika wilaya ya Mayuge, ndiko alikouawa Askofu James Hannington wa Anglikana, Oktoba 29, 1885, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alikuwa ametembea kutoka pwani, akapita kwa Sundu, ambako sisi tunakuita Mumias, akaingia Busoga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, alimkemea Kabaka kwa mauaji hayo, naye akauawa Novemba 15 mwaka huo huo. Kwa hiyo Mkatoliki anayepita Mayuge bila kusimama kwa ajili ya askofu huyo wa Anglikana hajui anakwenda Namugongo kufanya nini. Mashahidi wenyewe ni 45, na 23 kati yao ni Waanglikana.

Lakini barabara hii ina magari machache, na hapo ndipo akili ya makanga inapohitajika. Gari la mashambani haliendi kwa saa, linaenda likijaa, na linajaa pale watu wanapokuwa na shughuli. Asubuhi linaondoka na wachuuzi, alasiri linawarudisha, na katikati ya mchana unaweza kukaa chini ya mwembe mpaka ukawajua mbuzi wote wa kituo kile kwa majina. Kwa hiyo mpangaji wa hija aulize mambo mawili kabla ya safari: siku ya soko ya kila mji, na gari la mwisho la jioni linapita saa ngapi. Asimuulize mtu wa ofisini. Aende akaulize kituoni, kwa yule anayepakia, na amnunulie chai. Siku ya soko ndiyo ya kupanga kile kipande kigumu, kwa sababu atakayeshindwa siku hiyo hatakosa gari. Jumapili ni siku ya kupumzika na kusali, maana magari ni machache na waliopo barabarani wameshalewa mapema.

Utaratibu wetu ni huu. Hatulali pale tunapochoka. Tunalala penye parokia, shule au nyumba za wageni, hata kama ni mbele kidogo au nyuma kidogo. Kundi linatembea mpaka kituo tulichokubaliana, linaandika kwenye daftari mahali lilipoishia, duka gani au mti gani, kisha linapanda gari hadi malazi. Asubuhi linarudi kwa gari la kwanza mpaka pale pale, linashuka, linafanya ishara ya msalaba na kuendelea. Walio dhaifu wanatembea nusu ya asubuhi tu, halafu wanasindikizwa na kijana mmoja kwenye gari hadi kwenye malazi, na huko ndio wanaotafuta maji na kuanza kupika. Mizigo mizito inakwenda nao. Sufuria kubwa linalipiwa kama abiria, na hilo ni haki, msibishane na kondakta wa watu. Ukitaka kushuka sema "mu maaso awo" naye atakusimamishia hapo mbele. Nauli ulizeni kabla ya kuketi, na kiongozi mmoja alipe kwa niaba ya wote. Kila mtu akilipa kivyake, chenji itawagombanisha mpaka Jinja.

Najua watakaosema kwamba huko ni kudanganya, kwamba aliyepanda gari hakuhiji. Nimeyasikia, hasa kutoka kwa watu ambao hawajawahi kutoka Busia hata hadi Bugiri kwa miguu. Kwa utaratibu wa daftari hakuna hata hatua moja inayorukwa na mwenye nguvu, kwa sababu anarudishwa alipoachia. Na aliye dhaifu naye amekwenda na wenzake. Padre Lourdel, yule mmisionari ambaye Waganda walimwita Mapera, alitembea kutoka Bagamoyo hadi kusini mwa Ziwa Viktoria, kisha akapanda mtumbwi akafika Kigungu karibu na Entebbe Februari 17, 1879. Sijasikia mtu akimdai azunguke ziwa kwa miguu.

Kutoka Musita kwenda mbele njia zote mbili zimekuwa moja: Magamaga, Kakira kwenye mashamba ya miwa, Bugembe, Jinja, daraja la Nile. Hapa msiwe na haraka. Pumzikeni Jinja siku nzima kama mnayo, mfue, mkague miguu. Jinja hadi Kampala ni kilomita 80 na nyinyi hamfiki Kampala kwenyewe, lakini kipande hiki ndicho kinachowaangusha watu kwa sababu ya msitu wa Mabira. Msitu uvukwe mchana, kundi zima kwa pamoja, hakuna kutangulia. Mwishoni mwa Mei mvua bado ipo na ukingo wa barabara unateleza. Sisi tunaishia Najjembe, pale wachuuzi wenye makoti yenye nambari wanapokimbilia madirisha ya magari na vijiti vya kuku na gonja za kuchoma. Tunakula, tunapanda teksi, ndivyo Uganda wanavyoita matatu, hadi Lugazi, tunalala, na asubuhi tunarudi Najjembe. Yule anayeshika daftari asikubali kushawishiwa na harufu ya kuku kulala pale.

Kuanzia Mukono kuna watu kila upande, na hamwezi kupotea hata mkitaka. Kutoka Seeta au Bweyogerere mnaacha barabara kuu. Fikeni Juni 1, Juni 2 ikizidi. Baada ya hapo magari huzuiwa mbali na madhabahu, na anayekuja kwa teksi atatembea kipande cha mwisho apende asipende.

Sasa kurudi. Hapa ndipo ninapogombana na viongozi wenzangu kila mwaka, maana daftari zao huishia kwenye Misa. Alasiri ya Juni 3 umati wote ule unatoka kwa wakati mmoja, na nauli inapanda mbele ya macho yako. Mahujaji wa kwetu hukimbilia kusimama Mukono kungoja magari ya Busia. Gari la Busia linapakia Kampala na linatoka limejaa. Ukisimama Mukono siku hiyo utapungiwa mkono tu. Laleni tena usiku huo. Juni 4 asubuhi, ama mwende Kampala mkapande gari linapopakia, ama mkate safari vipande: Mukono hadi Jinja, Jinja hadi Iganga, Iganga hadi Bugiri, Bugiri hadi Busia. Magari ya vipande hayatafutwi na mahujaji, kwa hiyo nafasi zipo. Ni ghali kidogo kuliko gari la moja kwa moja, na fedha ya kurudi ikusanywe Bumala kabla ya kuondoka, iwekwe na mtu asiyependa kununua vitu. Kwetu ni mama mmoja ambaye hata mimi namwogopa.

Ombi langu kwa mabaraza ya parokia za huku Magharibi ni moja. Kabla ya Pasaka, tumeni watu wawili, mmoja awe anaelewa mambo ya magari, wapite njia nzima kwa matatu na teksi, wakishuka kila kituo. Waandike karatasi moja: majina ya vituo kwa mpangilio, penye maji, penye zahanati, penye pa kulala, siku ya soko, gari la mwisho. Karatasi hiyo itolewe nakala, kila hujaji awe nayo mfukoni, hata yule asiyejua kusoma, kwa sababu kondakta atamsomea. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi haifikii gharama ya kukodi lori kwa safari nzima.

Na ndugu msomaji aliyeandika barua ile, kama bado anataka kuchangia lori, fedha hiyo tutaipokea. Tutanunua vikoti vya kung'aa, plasta, na viatu vya wale wanaokuja na malapa.

Makanga mstaafu,
Bumala, Kaunti ya Busia