Salamu za Noeli kutoka kwetu Kibosho, mwaka wa kwanza bila Baba

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mlioko Kibosho, Arusha, Dar es Salaam na ughaibuni, nawasalimu nyote kwa jina la Mtoto Yesu. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha Noeli ya 2025. Mwaka umekuwa mzito. Nauli haishikiki, mchele na mafuta ya kula ndiyo usiseme, mbuzi wa sikukuu anaulizwa bei na kuachwa palepale sokoni, na ada za Januari zinatusubiri. Lakini kwetu sisi uzito wenyewe ni huu: tunapanda nyumbani na Baba hayupo.

Mliomfahamu mnajua kwamba alistaafu kazi ya ajira tu. Aliingia reli akiwa kijana, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaishuhudia Jumuiya ikivunjika 1977, akaendelea kutumikia Korogwe, Same na Kahe hadi akawa stesheni masta. Siku alipokabidhi funguo alirudi kihambani, shamba letu la ukoo, na kesho yake alfajiri alikuwa mferejini na jembe. Mibuni iliyozeeka aliing'oa shina kwa shina akapanda mingine. Kahawa aliichuma mwenyewe, akaimenya kwa ile mashine ya mkono, kisha akashinda kwenye vichanja akitoa punje mbovu mojamoja. Msaragambo, kazi zetu za pamoja kijijini, hakukosa, sala za jumuiya hakukosa, msiba wa jirani hakukosa. Mama alipougua mgongo, alikata majani ya ng'ombe na kuyabeba kichwani mchana kweupe, wanaume wenzake wakimtazama.

Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya zaidi ya miaka 20, alivaa koti lake jeusi akashuka mjini kwa daladala kwenda kuipokea. Hakuwa na mgeni ndani yake.

Niruhusuni niseme na hili. Baba alikuwa na kauntabuku ambamo kila Desemba aliandika wanaofika, kama alivyoandika treni: "Dar, watu 5, saa 10:40 alfajiri, salama." Hakupanda kitandani mpaka amwandike wa mwisho. Juzi niliifungua. Ukurasa wa mwaka jana umejaa. Ukurasa unaofuata ameshaupiga mistari kwa rula, na majina yetu yote yako kushoto, hata la mjukuu aliyezaliwa mwaka huu, miezi michache kabla Baba hajatutoka. Upande wa saa ni mtupu. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Ndugu zangu, katika Injili hamna neno hata moja lililotoka kinywani mwa Mtakatifu Yosefu. Tunasoma kazi zake tu: aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akaenda Misri. Akina baba, watoto wetu wanahitaji kutuona tukiamka. Tusiwe watu wa kutuma hela kwenye simu na kudhani tumelea. Wazee walio hai tuwatembelee sasa, tuwalipie bima ya afya sasa, tukae nao mezani tuwasikilize. Turubai na mashada ya gharama havimfai aliyelala. Waliokosana kwa ajili ya mipaka ya kihamba, shikeni isale, jani letu la kuombea msamaha, mwende kwa ndugu zenu kabla mwaka haujaisha. Vijana, msile sikukuu kwa mkopo. Na mnaoendesha magari usiku, barabara ya Segera hadi Same tunaijua ilivyotumaliza. Pumzikeni, fikeni mmechelewa lakini mfike.

Misa ya kumwombea Baba ni Jumapili tarehe 28 Desemba, Sikukuu ya Familia Takatifu, misa ya kwanza, parokiani. Tukitoka hapo tutakwenda kaburini, kisha chakula nyumbani. Mama anawaomba msihangaike na zawadi. Mwenye kilo ya sukari alete, asiye nayo aje hivyohivyo. Kauntabuku tumemkabidhi mjukuu mkubwa. Akikuuliza umefika saa ngapi, mtajie saa kamili, maana anaandika kwa kalamu ya wino.

Kwa niaba ya Mama, wadogo zangu na ukoo mzima, nawatakia Noeli njema na Heri ya Mwaka Mpya 2026. Mungu awajalie afya, amani na riziki. Raha ya milele umpe Baba yetu, Ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.