AirPods, Sony au Galaxy Buds? Anza na simu uliyonayo

Swali tunaloulizwa sana hapa dukani kuhusu vipokea sauti vya masikioni (earphone) visivyo na waya ni hili: "Bosi, kati ya hizi ipi inazima kelele kabisa?" Na sisi tunamrudishia mteja swali: unatumia simu gani?

Chukua AirPods Pro. Kwa mwenye iPhone, ukifungua tu kiboksi simu imeshavitambua, na ukihamia kwenye iPad sauti inakufuata. Viunganishe hivyo hivyo na Tecno au Infinix: muziki utalia na kelele itapungua, lakini mipangilio yake mingi hutaiona, maana Apple hawana programu yake ya Android. Hata ukikichomoa kimoja sikioni, wimbo unaendelea kuimba. Hapo umelipa bei kamili kwa nusu ya mali.

Galaxy Buds3 Pro nazo zina kodeki (njia ya kubana sauti ili itumwe kwa Bluetooth) ya Samsung wenyewe, na ile sauti ya ubora wa juu unaipata kwenye simu za Galaxy tu. Sony WF-1000XM5, iliyotoka 2023, haina ubaguzi mkubwa. Programu yake ipo kwa Android na iPhone, na inashika vifaa viwili kwa wakati mmoja, tuseme simu na laptop. Ila ile LDAC, kodeki ya Sony ya sauti bora wanayoisifia, mwenye iPhone aisahau. Simu yake hutuma sauti kwa kodeki nyingine, AAC. Mteja wa Android asiye na Samsung, au anayebadilisha simu kila mara, sisi tunampa Sony.

Tukirudi kwenye kelele, mbinu ni moja kwa zote. Maikrofoni ndogo zinanasa sauti ya nje, kisha kifaa kinatoa wimbi lililo kinyume chake na mawili hayo yanafutana. Inafanya kazi vizuri kwenye mngurumo usiobadilika: jenereta ya jirani, kiyoyozi cha ofisini, injini ya basi la Dodoma. Honi, mtoto anayelia au konda anayeita "Mbagala, Mbagala!" hupungua tu. Anayekuahidi ukimya mtupu anakuuzia maneno. (Na ukiwa unavuka barabara, tafadhali washa ile hali ya kusikia nje.)

Wengi wanaorudi kulalamika kwamba havizimi kelele, ukiangalia, tatizo ni raba, yaani ile ncha laini inayoingia sikioni. Imevaliwa ile ya kati iliyotoka nayo kiwandani, inacheza sikioni, na kelele inapita pembeni. Tunabadilisha tunaweka kubwa, tunawasha feni ya dukani mpaka mwisho, na mteja anajisikilizia mwenyewe mngurumo ukikatika. Wapo wanaohitaji ya kati kushoto na kubwa kulia; masikio hayafanani. Raba za Sony ni za sponji: iminye kwa vidole, iingize, ishikilie kidogo mpaka ijae. Za kujaribia tunazifuta kwa spiriti kila baada ya mtu, kwa hiyo usione haya kuomba.

Chaji isikuumize kichwa sana. Ukiwa umewasha kuzima kelele, Sony inafika saa 8, AirPods Pro 2 na Galaxy Buds3 Pro kama saa 6, kisha unavirudisha kwenye kiboksi.

Kinachotakiwa kukuumiza kichwa ni feki. AirPods za kuigiza zinaweza kuleta hata ile picha inayojitokeza kwenye iPhone, na namba ya usajili ikawa imenakiliwa kutoka kwa kifaa halisi, hivyo kuikagua kwenye tovuti ya Apple pekee hakutoshi. Ukiwa karibu na feni inayozunguka, washa kuzima kelele, kisha uzime hiyo kazi huku feni ikiendelea. Kama hakuna tofauti, usitoe hela. Feki nyingi zina kitufe tu, kazi hakuna. Ndiyo sababu hatupendi kuuza kwa picha ya WhatsApp: njoo na simu yako ikiwa na chaji, tuunganishe hapa hapa, ujaribu ndipo ulipe.