Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: nusu ya azimio 181 la kuigawa Palestina bado inadaiwa

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Nakuandikia kutoka Mwanza, ninakofundisha historia sekondari. Juzi nilibandika ubaoni ramani ya zamani ya nchi zilizowekwa chini ya udhamini baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Binti mmoja wa kidato cha tatu akaweka kidole Tanganyika, akakipandisha hadi Palestina, akaona rangi ni ile ile. "Mwalimu, hawa nao walipata uhuru mwaka gani?" Sikuwa na mwaka wa kumpa.

Sisi na Wapalestina tuliandikiwa hati mwaka mmoja, 1922, na mdhamini alikuwa mmoja, Mwingereza. Tena wao waliwekwa daraja la juu kuliko letu, la nchi zilizohesabiwa kuwa karibu kujitawala. Baada ya vita vya pili Tanganyika ikapelekwa Baraza la Udhamini, chombo chenu cha kusimamia nchi zilizokuwa chini ya udhamini. Mwaka 1955 Nyerere alikwenda New York akasimama mbele ya baraza hilo, na tarehe 9 Desemba 1961 bendera yetu ikapanda. Palestina, Mwingereza alishindwa nayo akaibwaga mlangoni kwenu.

Mkaigawa. Tarehe 29 Novemba 1947, kwa kura 33 dhidi ya 13, azimio 181 likataka ziwepo nchi mbili, ya Kiyahudi na ya Kiarabu, na Yerusalemu isimamiwe na Baraza lile lile la Udhamini. Sipuuzi kilichowasukuma. Wayahudi milioni sita walikuwa wameuawa Ulaya, na wengi walionusurika walikuwa bado kambini, hawana pa kurudi. Walistahili kwao. Lakini Waarabu, theluthi mbili ya wakazi, waligawiwa chini ya nusu ya ardhi, wakakataa. Afrika nzima ilikuwa na kura nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini ya makaburu. Sisi wengine tulikuwa tukisemewa.

Tarehe 14 Mei 1948 Ben-Gurion, kiongozi wa Wayahudi wa Palestina, akatangaza Israeli, majeshi ya Kiarabu yakaingia, na mapigano yaliyokwisha kuanza yakawa vita kamili. Wapalestina wapatao 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao. Wayahudi wa Iraki na Yemen nao wakaacha nyumba zao miaka iliyofuata. Mpatanishi wenu, Folke Bernadotte, aliyetaka wakimbizi wa Kipalestina warudi, akapigwa risasi Yerusalemu mwezi Septemba. Desemba mkapitisha azimio 194 kuhusu kurudi kwao. Liko kwenye makabrasha mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni mwaka 1994. Palau, visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa vya mwisho chini ya udhamini, ilipojitawala, Baraza la Udhamini lilisimamisha shughuli zake kana kwamba hakuna tena anayelisubiri. Yerusalemu halikupata kuisimamia hata siku moja. Mwaka 2012 mliipa Palestina hadhi ya nchi mtazamaji isiyo mwanachama. Aprili 2024 Marekani ikazuia uanachama kamili kwa kura ya turufu.

Naomba jambo moja, lisilohitaji idhini ya mwenye turufu. Andika ripoti maalumu kwa Baraza Kuu kuhusu azimio 181 pekee: kipi kilitekelezwa, kipi hakikutekelezwa, nani alikizuia na mwaka gani. Itolewe kabla ya Novemba 29, ili nimsomee yule binti darasani.

Wako,
Mwalimu wa historia, Mwanza