Mtafute Mariamu kwenye theluji

Mwanangu mpendwa,

Ukienda makumbusho ya sanaa ya Brussels, usipite haraka mbele ya picha ya mchoraji Pieter Bruegel iitwayo Sensa ya Bethlehemu. Aliichora mwaka 1566, kwa rangi za mafuta juu ya mbao, na baadaye mwanawe aliinakili mara kadhaa. Upana wake unazidi mita moja na nusu, nayo imejaa watu hata jicho halijui litue wapi. Liache litangetange kwanza.

Bethlehemu hii ni kijiji cha Flanders, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa liko Ubelgiji, wakati wa baridi kali. Kushoto watu wamesongamana mbele ya nyumba ya wageni wakilipa kodi, na karani anaandika daftarini. Karibu nao nguruwe anachinjwa, mwanamke anaikinga damu. Kuku wanadonoa, watoto wanateleza kwenye barafu, mikokoteni imesimama kwenye theluji.

Sasa mtafute seremala aliyebeba msumeno mrefu begani, uso umefichwa na kofia. Punda anayeongozwa naye amembeba mwanamke aliyejifunika vazi zito. Ndiye Mariamu, amekaribia kujifungua. Bruegel hakumzungushia mwanga wa utakatifu, wala hakumleta malaika. Hakuna hata mtu mmoja anayegeuka kumtazama.

Wapo wanaoipa maana ngome ile iliyobomoka na jua linalozama nyuma ya mti mkavu. Siwapingi, ila mimi naanzia kwenye kibao cha ukutani, pale pale kodi inapolipwa: tai mwenye vichwa viwili, nembo ya ukoo wa Habsburg. Injili ya Luka inamtaja Kaisari Augusto kuwa ndiye aliyeamuru sensa; Bruegel ameweka nembo ya ukoo uliotawala nchi yake mwenyewe, wakati huo chini ya Philip II wa Hispania. Mtu wa Flanders wa mwaka ule, ambapo makanisa yalivamiwa na sanamu zikavunjwa, hakuhitaji kuelezwa kodi ile ni ya nani.

Tafadhali usiwahukumu wanakijiji wale. Wana baridi, wana watoto wa kulisha, na foleni ni ndefu. Naamini Bruegel aliwapenda, ndiyo maana akamchora kila mmoja na kazi yake, na Mariamu akampitisha katikati yao kama msafiri yeyote maskini.

Ukishaiona, niandikie macho yako yalipita kwa akina nani kabla ya kumfikia.

Mama yako