Kichwa kikikuuma mlimani, sema

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, midomo tu bado imepasuka kwa baridi. Umeniuliza kama ujiunge na kundi la mwezi wa kwanza, la kupanda Kilimanjaro kwa baiskeli. Nenda. Ila nisikilize kwanza, maana sisi watu wa pwani tumezoea kuvuta pumzi bila kuifikiria.

Tulikuwa tisa na viongozi watatu, pamoja na wagumu, ndivyo wapagazi wanavyoitwa kule. Nawaheshimu mno. Sisi tunahangaika na gia, wao wanatupita na mizigo kichwani na salamu wanatoa. Baiskeli hupita njia ya Kilema, inayopitwa pia na magari ya uokoaji, mpaka inapokutana na njia ya Marangu pale kambi ya Horombo, mita 3,720. Kiongozi mmoja mbele, mwingine nyuma kabisa, na wa mbele hapitwi. Horombo tulilala siku mbili ili mwili uzoee. Asubuhi na jioni unabanwa kidole kwa kipimo cha oksijeni, na namba zinaandikwa daftarini.

Siku iliyofuata tukaelekea kambi ya Kibo, mita 4,720, kupitia ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Mwinuko wake si mkali, huku kwetu ningeupanda tunaongea. Kule, kila pumzi inakupa oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya Tanga. Nakanyaga pedeli mara ishirini, nashuka, naegemea usukani. Kichwa kilikuwa kinagonga tangu alfajiri, na chai nilikuwa nimeitapika nyuma ya jiwe. Nikanyamaza, shoga. Nilitaka Kibo.

Kiongozi wa nyuma akanisimamisha. Akanionyesha mchangani: tairi za wenzangu zimenyooka, yangu inapinda kama njia ya nyoka. Akaniambia nitembee juu ya alama ya tairi ya mwenzangu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Nikatoka nje ya mstari mara mbili. Akasema, kwa upole kabisa, "Dada, wewe unashuka sasa hivi."

Nililia, nikambembeleza. Hakubishana nami. Baiskeli akampa mgumu mmoja, mimi akanishika mkono. Horombo hatukulala, gari lilinishusha usiku ule ule, na tulipoingia kwenye miti mirefu kichwa kikaacha kugonga. Nikaomba uji, nikamaliza vikombe viwili. Wenzangu wanane walifika Kibo salama, na nilifurahi kwa dhati waliponisimulia.

Kwa hiyo namba yako ikishuka au kichwa kikiuma, mwambie kiongozi hapo hapo, hata kama kundi zima litasimama kukungoja. Muone daktari kabla ya safari umuulize dawa za maradhi ya mlimani. Glavu chukua jozi mbili, vidole vikifa ganzi hutaweza kushika breki wakati wa kuteremka, na mteremko ni mrefu.

Nami nataka kurudi, na kiongozi yule yule. Nijibu kabla ya Jumamosi nimpigie atuwekee nafasi mbili. Mama nisalimie sana.

Wasalaam,
Shoga yako